Ukwaju, Ndimu na Embe Mbichi

Mamangu alikuwa na sheria moja jikoni: sambusa haziendi kwa wageni mpaka bakuli la ukwaju liwe limetangulia. Sambusa zingeweza kupoa, wageni wangeweza kumaliza habari zote za mjini na kubaki wakitazamana, lakini bila ukwaju sahani haikuvuka mlango wa jikoni. Nilipokuwa mdogo niliona ni kujisumbua tu. Katika siku za mwisho za Shaabani nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Unguja, kumsaidia shangazi yangu matayarisho ya Ramadhani, na njia nzima nilikula vitafunio: barabarani, mkahawani na majumbani. Nimerudi nikiwa upande wa mamangu.

Kwanza niseme kidogo juu ya neno hili, vitafunio. Kwetu pwani mlo haukukatwa vipande, kwamba hiki ni cha kuanzia, hiki cha katikati na hiki cha kumalizia. Wali ukitengwa, umetengwa. Mchuzi, kachumbari, samaki na ndizi mbivu vyote viko mkekani kwa pamoja. Kitafunio kina saa zake. Huliwa na chai ya alasiri, huliwa barazani, hupewa mgeni aliyeingia bila taarifa, na katika Ramadhani hukaa kati ya tende na chakula chenyewe. Mikahawa ya siku hizi imetuletea orodha yenye kichwa cha "vianzio". Nairobi watu husema "baitingi", Dar es Salaam "baitisi". Mimi nitasema vitafunio, maana ndilo neno nililokua nalo, na kazi ya kitu chenyewe imo ndani yake: kutafuna kidogo kidogo huku maneno yakiendelea.

Jioni ya kuamkia safari nilishuka Mji wa Kale. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa imeshafungwa, na uwanja wa nje umebaki kwa wenyeji na watoto wenye mpira. Nyuma kidogo, kwenye kichochoro kinachoingia mitaani, kuna mama anayekaanga viazi karai. Nimekula viazi vyake tangu nikiwa sekondari. Huvichemsha na chumvi, akavimenya na kuvikata nusu, kisha akavichovya katika rojo la unga wa ngano na unga wa dengu lililotiwa manjano, zito kiasi cha kushika kidole. Karai lenyewe, lililovipa viazi jina, ni jeusi kwa moshi wa miaka. Hatupi kiazi kutoka juu; hukishusha kwa vidole mpaka karibu kabisa na mafuta, akakiachia taratibu. Kiazi huzama, hunyamaza kidogo, kisha huibuka kimevaa koti la njano.

"Wataka ukwaju mwingi ama wa kiasi?" akaniuliza.

"Mwingi, mama."

"Basi kula hapa hapa. Ukibeba, kiazi chalegea."

Hakusema uongo. Viazi karai vina dakika mbili au tatu za utamu wake kamili, pale ganda bado lakatika kwa sauti, ndani kiazi ni laini kama uji mzito, na ukwaju ndio kwanza umeingia kwenye mpasuko alioupasua kwa kisu. Ukwaju wake ameuroweka kwa maji ya vuguvugu, akaukamua kwa mkono mpaka kokwa zikatoka tupu, akauchuja, akautia chumvi, pilipili na sukari ya kugusia tu. Unapofika ulimini, mashavu hujikunja kwa ndani na mate huja yenyewe. Hapo ndipo tumbo linapokumbuka kuwa lina njaa.

Nilisimama nikila na kufikiri asili ya vitu vilivyokuwa mkononi mwangu. Kiazi kilitoka Amerika ya Kusini. Pilipili nayo ilitoka Amerika, ikafika mwambao huu baada ya meli za Wareno kuingia bahari yetu mwaka 1498. Manjano ni ya Asia, na dengu ilitufikia kwa njia ya Bara Hindi. Ukwaju je? Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Hindi, na jina hilo likaingia hadi kwenye jina la kisayansi, Tamarindus indica. Lakini mkwaju asili yake ni Afrika. Ulivuka bahari zamani sana, ukazoeleka Bara Hindi kiasi kwamba dunia ikadhani ndiko kwao. Kwa hiyo katika kile kipande cha karatasi kilicholowa mafuta, mwenyeji alikuwa ni ukwaju, na wengine wote walikuwa wageni waliomkuta nyumbani.

Asubuhi nilivuka feri ya Likoni. Upande wa pili nilinunua muhogo wa kuchoma, na hapa nitasimama kidogo, maana kuna ustadi ambao watu hupita bila kuuona. Muuzaji hupasua muhogo kwa urefu. Huchukua nusu ya ndimu, huichovya kwenye pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi, kisha huitumia ndimu ile ile kama brashi, akisugua na kukamua kwa wakati mmoja. Pilipili hushika muhogo kwa sababu ya maji ya ndimu, na ndimu haichuruziki kwa sababu unga umeinywa. Ukitia chumvi peke yake, pilipili peke yake na ndimu peke yake, huipati ladha ile.

Basi la Tanga lilipita Ukunda na Msambweni, likatufikisha Lunga Lunga kabla ya adhuhuri. Mkobani nilikuwa na chupa ya achari ya embe kwa ajili ya shangazi, imefungwa mifuko mitatu ili isivuje. Upande wa Horohoro, afisa aliyekagua mizigo aliitoa na kuiinua kwenye mwanga.

"Hii ni nini, dada?"

"Achari ya embe. Ya shangazi yangu, yuko Unguja."

Alifungua kifuniko, akainusa, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza mate mbele yangu, mtu aliyekuwa kazini na sare yake. Akaifunga vizuri zaidi ya nilivyoifunga mimi, akaniambia nisalimie shangazi.

Safari iliyobaki nilimfikiria Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyepita mwambao huu mwaka 1331. Kabla ya kufika Mombasa na Kilwa alitua Mogadishu, na akaandika kwa makini alichotengewa huko: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake maziwa ya mgando pamoja na malimau ya achari, pilipili zilizolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliangalia pia namna ya kula: tonge la wali, kisha kipande cha kitu kichachu. Pilipili aliyoiona haikuwa hii yetu ya leo, kwa sababu hii yetu ilikuwa bado iko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lazima ilikuwa ya ukoo wa pilipili manga. Vingine vyote ningeweza kuvinunua sokoni Kongowea asubuhi yoyote. Karibu miaka 700 imepita, na mtu wa pwani bado anaamsha ulimi kwa limau, embe na chumvi. Huo si mtindo wa mapishi uliokuja ukapita. Ni tabia ya watu.

Tanga nililala kwa binamu yangu. Mkewe, wifi yangu, alikuwa ameroweka kunde tangu usiku uliotangulia, na nilipofika alikuwa ameshazisugua maganda yote yakaelea na kumwagwa. Watu wengi wakisikia bajia hufikiria unga wa dengu. Za kunde ni kitu kingine. Kunde husagwa kwa maji machache sana, zikachanganywa na kitunguu, pilipili mbichi na kotmiri, halafu hupigwa kwa mkono kwa muda mrefu mpaka donge liwe jeupe na jepesi. Wifi alichota kidogo akakidondosha kwenye bakuli la maji. Kikazama.

"Bado," akasema, akaendelea kupiga.

Mara ya pili kikaelea, na hapo ndipo alipobandika mafuta. Ni kipimo cha kweli: kinachoelea ndicho kilichoingia hewa, na bajia yenye hewa hunywa mafuta kidogo na hubaki laini ndani hata ikipoa. Mimi nilipewa kazi ya nazi. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna, yeye akaisaga nazi ile na pilipili, kotmiri na chumvi, kisha akakamua ndimu tatu nzima. Nikadhani amezidisha. Nazi ina mafuta yake na bajia ina ya kwake. Ndimu tatu zilikuwa kipimo sahihi.

Kunde ni zao la Afrika hii hii, na bajia hizi zina ndugu mbali. Wanaijeria hukaanga akara kwa kunde zilizomenywa na kupigwa vivyo hivyo. Watu waliotekwa utumwa Afrika Magharibi wakavushwa hadi Brazili walikwenda na ujuzi huo, na Bahia mpaka leo huuzwa acarajé barabarani. Nilimweleza wifi habari hiyo. Alifikiri kidogo, akauliza kama na wao wana chatini ya nazi. Nikamwambia huko hutia kamba wakavu na pilipili. Akasema kamba ni wazo zuri, atajaribu.

Barabara ya Tanga hadi Dar es Salaam ni ndefu na sina mengi ya kuisimulia, isipokuwa machungwa ya Muheza, ambayo wauzaji hukumenyea ukiwa bado dirishani.

Dar es Salaam rafiki yangu alinipeleka kwenye mkahawa mpya, wenye viti vya kitambaa na taa za rangi ya asali. Katika orodha, chini ya "vianzio", kulikuwa na sambusa za nyama. Zililetwa tatu, juu ya sahani pana kama sinia, zimewekwa kwenye jani la saladi, na kando yake kibakuli cha sosi ya nyanya ya chupa. Sambusa zenyewe zilikuwa nzuri. Manda nyembamba, zimekaangwa kwa moto wa subira, hazina mafuta. Lakini sosi ya nyanya ni tamu, na utamu hufunga hamu badala ya kuifungua. Nilikula moja. Ya pili niliigeuza geuza. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya aliyezikunja, maana kazi yake ilikuwa safi na imenyimwa haki yake mezani.

Nilimwita kijana aliyekuwa akituhudumia, nikamuuliza kama wana ukwaju au chatini yoyote.

"Samahani dada, hatuna. Ila ndimu zipo, nikuletee?"

"Niletee, kaka."

Alirudi na ndimu, na pamoja nayo kikombe cha chai kilichojaa chachandu, nyanya na pilipili na kitunguu vimepondwa na kukamuliwa ndimu. "Hii ni yetu sisi wa jikoni," akasema kwa sauti ya chini. "Tunalia chakula cha mchana." Nilimaliza sambusa zangu na moja ya rafiki yangu. Nimeyafikiria sana maneno yale. Wapishi wanajua. Wanaitengeneza chachandu kila siku, wanaila wao, kisha wanampelekea mgeni sosi ya chupa kwa kudhani ndiyo heshima. Heshima kwa mgeni ni kumpa kile unachokila wewe mwenyewe kwa raha.

Rafiki yangu, akiona nimechangamka, akaniambia tusirudi nyumbani bado. Tulitembea mpaka pembeni mwa barabara ambapo kijana mmoja alikuwa na meza ndogo, sufuria inayofuka na taa ya betri. Juu ya sinia alikuwa amelaza pweza mzima, wa rangi ya zambarau iliyokoza, minyiri yake imejikunja kwa ncha. Kulikuwa na wanaume wanne wamesimama, kila mmoja na kikombe. Wakatupisha.

"Karibuni dada zangu. Pweza wa leo huyu."

Alikata mnyiri kwa kisu chembamba, vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba, kila kimoja akakichoma kwa kijiti. Unachukua kijiti, unachovya kwenye pilipili yenye ndimu, unakula, unarudisha kijiti kwenye kopo. Ukimaliza hesabu yako, unateremsha kwa kikombe cha supu. Supu ile haina makuu: ni maji ya pweza, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, na ndimu inayokamuliwa mbele yako. Pweza ana utamu wake wa bahari, na bila kitu kichachu utamu huo huchosha baada ya vipande vitatu. Kwa ndimu nilikula kumi na viwili. Wengi husimulia habari za nguvu za pweza kwa wanaume, na wale wanne walikuwa wakizizungumza. Kwangu mimi sifa yake ni nyingine. Ni kitafunio kamili: kidogo, cha moto, kichachu, kinaliwa kwa kusimama na watu usiowajua, na ukiondoka bado una hamu ya chakula cha usiku.

Boti ya asubuhi ilinifikisha bandari ya Malindi, Unguja, baada ya karibu saa mbili. Shangazi anakaa Kikwajuni, katika zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Jina la mtaa lina mkwaju ndani yake, nami sikuwahi kuligundua katika miaka yote niliyokwenda kwake. Nilimpa achari. Alikula kipande kimoja papo hapo, na kidole, amesimama, buibui bado mabegani maana alikuwa ametoka sokoni.

"Mamako kazidisha haradali," akasema. Kisha akala kipande cha pili.

Siku ya pili yake ilikuwa ya sambusa. Katika nyumba nyingi za Unguja na Mombasa wanawake hukaa pamoja kabla ya mwezi kuandama, wakakunja sambusa za kutosha wiki nzima au zaidi. Shangazi alikanda unga kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, akaukata madonge madogo, akasukuma kila donge likawa kama kisahani. Visahani vile hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga mkavu, vikapangwa kimoja juu ya kingine, kisha vyote husukumwa kwa pamoja mpaka viwe chapati moja pana. Hiyo huwekwa juu ya chuma cha moto kwa muda mfupi tu, upande huu na upande huu, na ikitolewa hubanduliwa ikiwa bado inachoma vidole. Hapo ndipo mikono mizoefu inapojulikana. Ukichelewa, manda zinagandana. Ukivuta kwa haraka, zinachanika. Binti wa jirani alichana mbili, akatazama chini. Shangazi akamwambia, "Zilizochanika tutazikaanga tukalia chai, mwanangu. Endelea."

Nyama alishaipika yeye mwenyewe tangu asubuhi: ya kusaga, na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na chumvi, ikakaangwa mpaka maji yakauke kabisa, kwa sababu nyama yenye maji hulowesha manda. Kitunguu maji na kotmiri hutiwa baada ya sufuria kuepuliwa, vikiwa vibichi. Halafu akachukua ndimu, akakamua juu ya nyama iliyoanza kupoa, akachanganya, akaonja, akakamua nyingine.

"Kwa nini usiitie ikiwa motoni, shangazi?"

"Ndimu ikichemka huwa chungu. Itie mwisho."

Tulikunja mpaka alasiri. Utepe wa manda huzungushwa ukawa kama koni ya karanga, unajazwa, pembe zinafungwa kwa gundi ya unga na maji, na kona zote tatu lazima zizibwe, maana tundu la sindano latosha kuingiza mafuta. Tulihesabu 214. Migongo ilituuma. Shangazi akatoa pesa kwenye kanga akamtuma mtoto kununua urojo, akamwambia achukue na sufuria kabisa.

Nilikwenda naye, kwa kuwa nilitaka kuona. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, amekaa kwenye kigoda kivulini, vyombo vimemzunguka kama nusu duara, na mkono wake ulikwenda kutoka chombo hadi chombo bila yeye kutazama. Viazi vya kuchemsha vilivyokatwa. Bajia ndogo. Kachori aliyoivunja kwa vidole. Kisha upawa wa urojo wenyewe, wa njano, mzito, unaofuka. Juu yake mshikaki alioutoa kwenye kijiti kwa kuuvuta na kijiko, yai la kuchemsha, chipsi nyembamba za muhogo zilizokaangwa zikakauka, chatini ya nazi, na pilipili kwa kumuuliza kila mtu kiasi chake. Wageni huuita mchanganyiko wa Zanzibar. Mwenyeji husema urojo, kwa jina la ule mchuzi, kwa kuwa ndio wenye kubeba vingine vyote. Na mchuzi huo, ukiondoa unga na manjano, ni embe mbichi: huchemshwa, husagwa, uchachu wake ukaenea sufuria nzima.

"Embe zimeanza kuwa adimu," yule mama akaniambia. "Zikiisha natia ndimu na ukwaju. Lakini si sawa."

Nilikula wangu hapo hapo kabla ya kubeba wa nyumbani. Chipsi za muhogo zilikuwa bado ngumu, kachori imeanza kunyonya, viazi vimeshalainika. Kila kijiko kilikuwa na kitu kikavu na kitu kilicholowa, cha moto na cha baridi. Nimekula vianzio katika miji kadhaa, vingine vya bei ambayo siitaji hapa kwa sababu ya mamangu. Sijapata kitu kinachoamsha kinywa kama bakuli lile la plastiki.

Usiku ule mwezi uliandama. Tulisikia watoto kwanza, wakipiga kelele chini kwenye uwanja kati ya majumba, kisha redio ikathibitisha.

Futari ya siku ya kwanza ilianza kupikwa baada ya sala ya alasiri. Muhogo wa nazi, ndizi, viazi vikuu, samaki wa kupaka, tambi, uji wa pilipili manga. Sambusa 30 zilitolewa kwenye friza. Ukwaju niliukamua mimi, na shangazi aliuonja kwa kuutema, kwa sababu ya funga, akaniambia niongeze chumvi. Jua lilipokaribia kuzama, sahani zilianza kutembea. Mtoto wa ghorofa ya juu alishuka na sinia lililofunikwa kawa. Ndani yake katlesi na kibakuli cha chatini. Shangazi alitoa katlesi, akaosha sahani, akatia sambusa sita na ukwaju kwenye kibakuli kile kile, akafunika kawa, mtoto akapanda nalo. Sahani ya jirani hairudi tupu. Nilitazama ngazi: watoto wanne walipishana hapo na kawa zao, wengine wanapanda na wengine wanashuka, na hakuna aliyekimbia.

Adhana ya Magharibi ilipoanza tulikula tende kwa hesabu ya witiri, tukanywa maji, kisha uji. Halafu shangazi akasogeza bakuli la ukwaju katikati ya mkeka, na nyuma yake sambusa. Sikuwa nimewahi kumwambia juu ya sheria ya mamangu. Ni ndugu wa marehemu babangu, si wa mamangu. Hawakulelewa nyumba moja wala mji mmoja. Lakini bakuli lilitangulia. Nilichovya sambusa ya kwanza, na baada ya siku nzima bila chakula wala maji, ule uchachu ulifika mpaka nyuma ya masikio. Tulikula mbili mbili. Kisha wanaume wakaenda kusali, nasi tukasali ndani, tukarudi kwenye chakula chenyewe tukiwa na hamu nacho.

Usiku, baada ya Tarawehe, binamu zangu walinipeleka Forodhani. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na ukikaa hapo una Ngome Kongwe upande mmoja na jumba la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na wakati ule lilikuwa limezungukwa na uzio. Meza zilikuwa zimejaa mishkaki, pweza, kamba, na ile chapati ya nyama na mayai wanayoiita pizza. Maji ya miwa yalikamuliwa na ndimu na tangawizi. Ni mahali pazuri pa kutembea. Kwa kula, nawashauri mwende vichochoroni alasiri, kwa akina mama wenye vigoda.

Nina ombi kwa wenye mikahawa ya mwambao huu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara. Wekeni ukwaju mezani, au ndimu iliyokatwa, au chachandu ile ile wanayoila wapishi wenu, na iwekwe kabla mgeni hajauliza. Haitawagharimu kitu kikubwa. Ndimu zipo kila soko, na ukwaju ukihifadhiwa mkavu na chumvi hukaa miezi mingi bila kuharibika.